Kifuniko cha Dumu



Naomba nianze kwa kukiri jambo moja. Ada yangu ya seminari ndogo, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, ililipwa na komoni. Mama yangu anapika pombe hiyo pale Makambako tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa miaka mingi wenzangu seminarini waliponiuliza mama anafanya kazi gani, nilijibu, "Ni mfanyabiashara." Sikudanganya, lakini pia sikusema.

Likizo iliyopita ya Noeli nilipitia kwanza kijijini kwa baba mkubwa, nje kidogo ya mji wa Njombe. Wanaoijua Njombe wanaijua baridi yake. Mji uko karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, na mvua za Januari zinakukuta umevaa koti mchana. Huo ndio wakati wa ulanzi. Mvua zikishika, mianzi hutoa machipukizi. Mgema hukata ncha ya chipukizi na kufunga mbeta hapo, yaani chombo cha kipande cha mwanzi, ili utomvu udondokee ndani. Asubuhi na jioni hurudi na kisu, akachana kipande chembamba sana ili kidonda kisifunge. Ulanzi wa kwanza ni mtamu, hata watoto wanapewa, tunauita mtogwa. Ukikaa unageuka kuwa mkali, na huo ndio mkangafu.

Nilimkuta baba mkubwa amekaa barazani na wagema wawili wa jirani, pamoja na kijana anayenunua ulanzi kwao na kuupeleka Makambako kwa gari la mizigo, safari ya kama kilomita 60.

"Kamwene, Frateri!" walinisalimu, wakanisogezea kigoda.

Mazungumzo yao yalikuwa juu ya vyombo. Baba mkubwa ni mtu wa mbeta. Anasema mbeta ya zamani haioshwi kwa nguvu, kwa sababu ndani yake kuna masalia ya msimu uliopita, na hayo ndiyo yanayouamsha ulanzi mpya. Mbeta mpya ulanzi wake unachelewa kuchacha. Kijana wa gari yeye ni mtu wa madumu ya plastiki ya lita 20. Mbeta haipangiki kwenye gari, alisema, na dumu lina mkono wa kulishikia. Shida ni kwamba madumu mengi yalikuwa ya mafuta ya kula. Wakaeleza namna ya kuyasafisha: maji ya moto, majivu, kokoto ndogo za kutikisa ndani, kisha kuliacha wazi juani siku mbili. Mmoja akaonya kwamba lililowahi kuwekwa dawa ya shambani halisafishwi, linatupwa.

Hapo ndipo mgema mmoja akasimulia habari ya Mmarekani aliyewahi kuja kujitolea kufundisha sekondari ya jirani. Yule mgeni aliwaambia kwamba kwao naye hupika bia nyumbani, na huiweka kwenye mitungi ya chuma iliyokuwa ya soda. Akawaambia pia kwamba wapo wanaotafuta mapipa ya mti yaliyowahi kuwekwa pombe kali iitwayo bourbon, wakaweka bia humo miezi kadhaa ili ipate ile harufu.

Baba mkubwa alicheka hadi akakohoa. "Kumbe na wao wanatafuta chombo kilichotumika!"

Niliporudi seminarini nilisoma habari hiyo, na mgeni alisema kweli. Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Kwa kuwa lazima liwe jipya, pipa likitumika mara moja haliwezi kurudiwa kwa bourbon, basi wapika bia hulinunua. Ile mitungi ya soda nayo huchukua kama lita 19, karibu sawa na dumu letu. Na kupika bia nyumbani kwao kuliruhusiwa na sheria ya nchi nzima kuanzia ile aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Nilifikiria kwamba mama yangu na mtu wa Chicago wote wawili wanahangaika na mahindi, chombo na hewa.

Hewa ndiyo iliyokuwa kiini cha mazungumzo barazani. Sukari inapochacha hutoa vitu viwili, kileo na hewa ukaa. Kileo kinabaki ndani, hewa inataka kutoka. Kijana wa gari alisimulia jinsi alivyoharibikiwa mara ya kwanza. Alipakia madumu saba na kuyakaza vifuniko vyote kwa nguvu ili ulanzi usimwagike njiani. Kufika Makambako yalikuwa yamevimba kama mipira. Moja lilikuwa limepasuka ubavuni. Akashika jingine kwa hofu, akalifungua kwa mara moja, na ulanzi ukaruka hadi kwenye turubai.

"Nilioga," alisema. "Kwenye dumu ikabaki lita tano."

"Makosa mawili hayo," baba mkubwa akamwambia, akiwa hacheki tena. "La kwanza, ulanzi ulio hai haufungwi kabisa, unalegeza kifuniko kidogo upumue. La pili, likishavimba, hulifungui kwa haraka. Unalegeza nusu mzunguko, unasikia linapumua, unakaza. Unasubiri. Unalegeza tena. Mwenye haraka anaoga, na cha kunywa hakibaki."

Nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba wiki ileile ningefanya makosa yote mawili, tena yasiyohusu ulanzi.

Makambako ni mji wa njia. Reli ya TAZARA inapita hapo, na barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na ile ya kwenda Njombe na Songea. Wasafirishaji, wachuuzi, wabeba mbao, wote wanapita na wote wana kiu. Kilabu cha mama ni banda la mbao lenye mabenchi sita. Anapika unga wa mahindi kwenye pipa lililokatwa nusu, anauacha upoe, anatia kimea cha ulezi. Neno kimeng'enya hajalisikia, lakini anajua kwamba bila ulezi uliooteshwa uji ule hautakuwa mtamu, na usipokuwa mtamu hautachacha. Kazi yake anaianza saa kumi alfajiri. Kabla sijaenda seminari nilikuwa mchota maji wake.

Tuko watatu kwetu. Mdogo wetu wa kike yuko sekondari. Kaka yangu amenizidi miaka minane. Aliacha shule kidato cha pili akaenda kubeba mbao, na fedha yake ya kwanza iliniletea godoro na sanduku la bati la kwenda nalo seminari. Kaka yangu ni mlevi. Nimechukua miaka mingi kuweza kuandika sentensi hiyo fupi.

Alianza na viroba, vile vipakiti vidogo vya pombe kali. Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, mama alipiga magoti akashukuru, tukadhani yamekwisha. Alihamia kwenye gongo. Akipotea siku tatu, majirani wakiuliza tunasema, "Amesafiri." Mama anasema amesafiri, mdogo wetu anasema amesafiri, nami pia. Hata seminarini, mlezi aliponiuliza habari za familia, nilijibu kwamba kaka yuko kwenye biashara ya mbao. Sote tulikuwa tumekaza kifuniko.

Nilipofika nyumbani, mwenyekiti wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo alinijia. "Frateri, Jumamosi utupe neno kuhusu ulevi. Vijana wanaisha." Nilikubali kwa furaha. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui wangesema nini juu ya frateri akisifiwa. Parokiani kwetu tukirudi likizo tunapewa kiti cha mbele, tunaitwa kwa heshima na watu waliotuzidi umri mara mbili, na ni rahisi sana kuanza kuchanganya ukweli na maji ili uendelee kusifiwa.

Niliandaa kurasa nne. Nilimchukua Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye katika sehemu ya pili ya Summa anatenga swali zima kwa ajili ya kiasi katika kunywa, na swali linalofuata kwa ajili ya ulevi. Anafundisha kwamba kinywaji chenyewe si kiovu, bali ubaya unakuja pale mtu anapokitumia kupita kiasi na kupoteza akili aliyopewa na Mungu. Niliongeza Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kwa kuwa Wabenediktini tunawafahamu, wako Uwemba tu hapo. Sura ya 40 inawaruhusu wamonaki kipimo cha divai kila siku, huku ikisifu zaidi wale waliojaliwa kuiacha. Yote hayo ni kweli na niliyasoma vizuri.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, kanga begani, akitazama sakafu.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyenibeba nikiwa mchanga alinyoosha mkono. "Ahsante, Frateri. Sasa mimi nauliza, anayepika naye ana dhambi?"

Watu kadhaa walimgeukia mama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ninaamini hivyo. Lakini niliona mabega ya mama yanavyoshuka, na kitu kikanipanda kifuani. Nikaweka karatasi chini. Nikasema kwamba ada yangu yote ililipwa na komoni, na kwamba sitasimama mbele ya mtu kuiita dhambi jasho iliyonilea. Ningeishia hapo labda ingekuwa heri. Sikuishia. Nikaendelea kusema kwamba kaka yangu hajasafiri, kwamba hajawahi kusafiri, kwamba analala kwenye vibanda vya gongo na sisi nyumbani tunadanganya kila siku.

Pakawa kimya. Kisha mama mmoja akaanza kulia, akasema mume wake pia. Mzee mmoja akasema mwanawe. Sala ya kufunga ilichelewa karibu nusu saa. Wengi walinishika mkono wakasema, "Umetufungua, Frateri." Nilitoka pale najiona nimefanya jambo kubwa.

Mama hakunisemesha njia nzima. Tulipofika alifunga mlango, akasema taratibu, "Baba, ungeniambia kwanza. Umenivua nguo mbele za watu. Na kaka yako umemvua akiwa hayupo."

Siku mbili alinitengea chakula bila kuongea. Nilijaribu kujitetea moyoni kwamba ukweli ni ukweli. Lakini usiku wa pili nilikumbuka dumu lililoruka hadi kwenye turubai. Kwa miaka kumi nilikuwa nimelikaza, na siku nilipolifungua nililifungua kwa mara moja, mbele ya watu, bila kumwuliza mwenye dumu. Siri ya kaka haikuwa yangu peke yangu. Ningeweza kuanza na mama, kisha kaka mwenyewe, kisha paroko, kisha, kama wangekubali, Jumuiya.

Siku ya tatu niliomba msamaha. Mama alinyamaza muda, akasema, "Haya, vaa viatu. Tukamtafute."

Tulimkuta kwenye eneo la mbao, si kwenye gongo. Alikuwa amerudi kazini asubuhi ileile, mikono inatetemeka, akijaribu kuinua ubao wa futi kumi na mbili. Habari zilikuwa zimeshamfikia, Makambako si mji mkubwa. Nilidhani atanipiga. Alikaa juu ya rundo la mbao akaniangalia.

"Frateri," alisema, na hajawahi kuniita hivyo kabla, "ulimaliza kunihubiri?"

Nikamwomba msamaha na yeye. Mama alikwenda kununua chai na maandazi, nadhani kwa makusudi. Tukabaki wawili. Sikuwa na karatasi. Nilichokuwa nacho ni kisa cha mtu aliyefanya kazi kama yake, nikamsimulia.

Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, katika familia maskini. Akiwa na miaka kama kumi na miwili aliajiriwa kwa wafanyabiashara wa pombe, na hapo hapo akaanza kunywa. Kwa miaka kama kumi na sita mshahara wake uliishia baa. Siku moja ya mwaka 1884, akiwa hana hata senti, alisimama nje ya baa akisubiri rafiki zake wamnunulie, kwa kuwa alikuwa amewanunulia mara nyingi. Walipita, hakuna aliyemwita. Alirudi nyumbani, na mtu wa kwanza kumweleza kwamba anaacha alikuwa mama yake. Baadaye alifanya kazi miaka mingi kwenye yadi ya mbao, na kila alfajiri kabla ya kazi alikuwa kwenye Misa. Alianguka na kufa njiani akienda kanisani Juni 7, 1925. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mtumishi wa Mungu huyo kuwa Mwenyeheshima mwaka 1975.

Kaka alisikiliza huku akichuna gome la ubao. "Yadi ya mbao kweli?"

"Kweli."

"Akaacha siku moja tu?"

"Siku moja."

"Na siku ya pili alifanyaje?"

Hilo ndilo swali bora la falsafa nililoulizwa likizo nzima. Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili kwa Nikomako, anamtofautisha mtu aliyeuchagua uovu na mtu anayelijua jema na kulitaka, lakini anashindwa kulishika. Nilikuwa nimefanyia mtihani sura hizo na kupata alama nzuri. Pale juu ya mbao niliona kwamba kaka hakuhitaji kuambiwa lipi ni jema. Alikuwa analijua tangu zamani. Alichotaka kujua ni habari za siku ya pili.

Nikamjibu lile nililolijua. Matt Talbot hakuanza kwa kuapa maisha yote. Aliapa miezi mitatu kwanza. Ikaisha, akaapa sita. Ndipo baadaye akaapa moja kwa moja.

"Miezi mitatu ni mingi," kaka alisema.

"Anza na wewe unayoiweza."

Alisema wiki moja.

Sitaki kumdanganya msomaji. Wiki hiyo aliimaliza, akaongeza ya pili na ya tatu, kisha akaanguka, na vibaya. Ameanza tena. Sasa anaongea na paroko kila Jumatatu, na mama aliyelia siku ile Jumuiyani ameomba mume wake awe anakwenda naye. Wanaume hao wawili wanakwenda pamoja kwa miguu. Mama bado anapika komoni, kwa sababu mdogo wetu bado anasoma na hakuna kazi nyingine iliyomsubiri. Lakini ameacha kukopesha, na anayefika ameshalewa anapewa uji na kuambiwa arudi nyumbani. Amepoteza wateja. Na swali la yule bibi sijalijibu vizuri hadi leo. Ninachoweza kusema ni kwamba Katekisimu, namba 2290, inatutaka tuepuke kila aina ya kupita kiasi, na mama yangu ameanza kuuliza kipimo hicho mlangoni kwake kabla mimi sijamwuliza.

Ndugu zangu mafrateri, niliporudi nilikwenda kwa padre wangu mlezi wa kiroho nikamwambia mama anafanya kazi gani na kaka anaumwa nini. Ilichukua vikao vinne. Kila kimoja kililegeza kidogo. Najua humu ndani tuko wengi tuliobeba mambo ya nyumbani yaliyokazwa, kwa kuogopa kwamba yakijulikana tutaonekana hatufai. Yanachacha humo humo. Nawaomba muwaendee walezi mapema, dumu likiwa bado halijavimba. Nanyi waamini mnaotukaribisha likizo kwa heshima kubwa, mkituuliza habari za nyumbani, ulizeni mkiwa na muda wa kusikiliza.

Juzi jioni mama alinipigia. Alisema mvua zimezidi, kimea hakikauki, na mdogo wetu anahitaji viatu. Kabla ya kukata akaniambia, "Kaka yako amekula nyumbani leo. Alimaliza ugali wote." Naomba sala zenu kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama.